Mwalimu wa Kuchora Katika Ngome ya Terezín

Wazazi wengi, wakisikia ya kuwa mtoto wao amekaa saa nzima darasani akichora, huguna. Faida ya hesabu waijua, maana asiyejua hesabu hupunjwa dukani. Faida ya kusoma waijua pia, maana barua ikija ni aibu kumtafuta jirani aisome. Lakini kuchora? Husema, "Mtoto anachezea karatasi, na karatasi ni fedha." Tena wako waalimu wawapao nguvu wazazi hao. Kipindi cha kuchora hukiweka alasiri ya Ijumaa, watoto wamekwisha kuchoka, kisha huchora chungu ubaoni na kuamuru, "Haya, chorani kama hiki." Mtoto ambaye chungu chake kimefanana na cha mwalimu hupata alama 10. Aliyechora chungu cha nyanya yake, chenye ufa na masizi, hupata 2.

Kwa ajili hiyo nimeona vema kuwaletea wasomaji habari za mwanamke mmoja aliyefundisha watoto kuchora mahali pasipokuwa na karatasi, wala chakula cha kutosha, wala usalama wa kesho. Jina lake Friedl Dicker-Brandeis. Habari zake zataka kuelezwa tangu mwanzo, kwa sababu yale aliyoyafanya katika miaka miwili ya mwisho wa maisha yake hayakuzuka ghafula. Alikuwa ameyapokea kwa waalimu waliomtangulia.

Alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 30 Julai 1898, katika nyumba ya Kiyahudi isiyokuwa na mali. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto wa miaka minne. Baba yake alikuwa mtumishi katika duka la kuuza karatasi na kalamu, na msichana huyu alikua kati ya karatasi, rangi na gundi, kama vile mtoto wa mvuvi akuavyo kati ya nyavu.

Katika mji huo alikuwako mwalimu aliyeitwa Franz Cižek. Desturi ya shule za Ulaya siku zile ilikuwa kunakili: mwalimu huleta mfano, naye mtoto huufuata mstari kwa mstari mpaka mkono umezoea. Cižek alipoona watoto wakichora kwa makaa na chaki pasipo kuamriwa na mtu, alistaajabia nguvu iliyokuwamo, nguvu ambayo watoto hao hao waliipoteza walipoketi mbele ya mfano wa mwalimu. Mwaka 1897 alifungua darasa la watoto, na sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba hapana kunakili. Mwaka 1920, miaka miwili tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, michoro ya wanafunzi wake ilipelekwa London kwa msaada wa chama cha Save the Children, na Waingereza wakaitazama michoro ya watoto ambao baba zao walikuwa adui zao juzi. Friedl alisoma kwa Cižek akiwa kijana. Kisha alisoma kwa Mswisi Johannes Itten, na Itten alipokwenda Weimar, Ujerumani, kufundisha katika shule mpya iliyoitwa Bauhaus, Friedl alimfuata, akakaa huko tangu 1919 hata 1923. Itten alikuwa na mazoea ambayo wengine waliyacheka: kabla ya kushika kalamu wanafunzi wake walipaswa kupumua polepole na kunyosha viungo, kwa kuwa aliamini ya kwamba mwili uliokakamaa hauwezi kutoa mstari ulio hai.

Msomaji asidhani mawazo haya yalibaki Ulaya peke yake. Bibi Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha kuchora Makerere mwaka 1937, alikuwa amefundishwa London na Marion Richardson, mwalimu Mwingereza ambaye naye aliwataka watoto wachore yaliyomo katika fikira zao, wasinakili. Mmoja wa wanafunzi wa Bibi Trowell alikuwa Sam Ntiro, Mchagga wa Machame, aliyekuwa mchoraji mwenye sifa. Na Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961 alipelekwa London kuwa balozi wa nchi yake.

Basi turudi kwa Friedl. Miaka yake ya Vienna baada ya Weimar nitaipita upesi. Pamoja na mwenzake Franz Singer alibuni vitambaa, viti na nyumba, na hata shule ya watoto wadogo waliipanga vyumba vyake na vyombo vyake. Mwaka 1934 alikamatwa na kufungwa kwa sababu ya siasa, na alipofunguliwa alihamia Prague, katika Chekoslovakia. Hitler alikuwa amekwisha kushika utawala wa Ujerumani mwaka 1933, na Prague ilikuwa imejaa wakimbizi. Friedl aliwakusanya watoto wa wakimbizi hao akawafundisha kuchora, akisaidiwa na msichana aitwaye Edith Kramer. Mwaka 1936 aliolewa na Pavel Brandeis. Hawakujaliwa mtoto. Rafiki zake walipoona hatari inakuja walimtafutia ruhusa ya kwenda Palestina. Akaikataa, kwa sababu mumewe hakuipata. Jambo hilo msomaji aliweke moyoni, maana litarudi.

Mwezi wa Machi 1939 Wajerumani waliingia Prague. Tangu hapo Wayahudi walinyang'anywa mmoja mmoja mambo ambayo mtu hayafikirii mpaka ameyakosa: ruhusa ya kufanya kazi yake, ya kupanda gari, ya kupeleka mtoto shuleni. Mwisho walinyang'anywa nyumba zao.

Terezín ni ngome ya kale, mwendo wa kilomita 60 hivi kaskazini ya Prague. Ilijengwa tangu 1780 kwa amri ya Mfalme Joseph wa Pili, naye aliipa jina la mama yake, Maria Theresa. Kabla ya vita waliishi humo watu wapatao 7,000, raia na askari pamoja. Tangu mwezi wa Novemba 1941 Wajerumani waliigeuza kuwa kambi ya Wayahudi, na katika Septemba 1942 walikuwamo watu zaidi ya 58,000. Fikirini nyumba iliyojengwa kwa watu 7, mkaambiwa mwingize 58. Walilala hata darini, na juu ya vitanda vya mbao vilivyopandana vitatu vitatu. Wapatao 33,000 walikufa mumo humo kwa njaa na maradhi, na zaidi yao walikuwa wazee. Wazee wa Kiyahudi waliopewa kazi ya kuendesha mambo ya ndani walikata shauri gumu: watoto wapewe chakula zaidi kidogo na mahali pazuri zaidi kidogo, ingawa chakula hicho sharti kitoke katika sahani za wengine. Ndiyo maana palikuwako nyumba za watoto. Nyumba ya wasichana iliitwa L410, ya wavulana L417. Herufi na tarakimu hizo zilikuwa anwani.

Friedl na mumewe walifikishwa humo mwezi wa Desemba 1942. Kila mtu aliruhusiwa mzigo wa kilo 50. Mwenye akili angetia nguo za baridi na chakula. Friedl alitia pia karatasi na rangi, kwa ajili ya watoto ambao hajawaona bado.

Wajerumani walikuwa wamekataza masomo. Kuimba, kuchora na kazi za mikono viliachwa, kwa kuwa watawala wale walifikiri kama wazazi niliowataja hapo mwanzo: kuchora si somo, ni mchezo. Basi katika vyumba vya watoto historia na hesabu zilifundishwa kwa siri, mtoto mmoja akilinda mlangoni, bali kuchora kulifundishwa bila kujificha sana. Nadhani hapana mfano ulio wazi kuliko huu wa jinsi adui anavyoweza kuuacha mlango mmoja wazi kwa sababu ameudharau.

Wanafunzi wa Friedl wengi walikuwa na miaka kati ya 10 na 16, ndio umri wa watoto wa madarasa yetu ya kati. Chumba kimoja cha wasichana kiliweza kuwa na 30, na mumo ndimo walimolala, walimokula na walimosoma. Saa ya kuchora ilianzia mkononi. Mwalimu alipiga mdundo, au alitamka maneno kwa mpigo, nao watoto waliupeleka mkono juu ya karatasi kwa kuufuata mdundo ule, mistari na mizunguko, mpaka vidole vilivyokuwa vimekaza vimelegea. Hilo ni zoezi la Itten, limetoka Weimar na kuingia kambini. Baada yake aliwapa neno, au aliwasimulia kisa chenye vitu vingi ndani yake, nao walichora vile walivyovikumbuka. Nyakati nyingine aliweka mbele yao kitu chochote kilichopatikana. Hakupita na kalamu nyekundu. Waliosalia wamesimulia kwamba hakusema sana, na kwamba kwa muda wa saa ile walijiona kuwa watu huru.

Karatasi alizokuja nazo ziliisha upesi. Walitumia karatasi za kufungia vifurushi, na fomu za ofisi zilizokwisha kupigwa chapa, na vipande vilivyoandikwa upande mmoja. Haja hii ilizaa kazi nzuri kuliko zote, kama nionavyo mimi: picha za kubandika. Watoto walikata na kuchana fomu zile, wakazibandika kuwa milima, meza, maua katika chombo, mwanamke amesimama dirishani. Safu za maandishi ya ofisi zilizobaki juu ya karatasi ziligeuka kuwa ukuta, au shamba lililolimwa. Mara nyingine Friedl aliwaonyesha picha za wachoraji wakuu wa zamani, kama Vermeer wa Uholanzi, akawaambia waijenge upya kwa vipande. Je, huku si kunakili alikokataza Cižek? La. Mtoto aliyeshika kipande cha karatasi ya kahawia hawezi kuufuata mstari wa Vermeer hata akitaka. Sharti ajiulize giza liko wapi katika picha ile, na nuru inaingia kwa upande gani, na kitu gani kinashikilia kingine kisianguke. Huko ni kusoma picha, kama mtu asomavyo sentensi ndefu na kutafuta kiarifa chake.

Jambo moja alilisimamia. Katika kambi kila mtu alikuwa na namba yake, iliyoandikwa katika orodha za safari. Friedl alitaka kila mtoto aandike jina lake juu ya kazi yake, na mara nyingi umri au chumba pia.

Mwaka 1943 aliwafanyia wanafunzi wake maonyesho ya kazi zao katika chumba cha chini ya ardhi cha nyumba ya wasichana, na mwaka huo huo aliwahutubia waalimu na walezi wa kambi juu ya michoro ya watoto. Maneno yake yaliandikwa, nayo yamehifadhiwa. Alisema kwamba masomo ya kuchora hayakusudii kuwafanya watoto wote kuwa wachoraji. Yakusudia kuiamsha nguvu ya kubuni na ya kutazama, na kuilinda. Tena aliwauliza wakubwa kwa nini wana haraka hivyo ya kuwafanya watoto wafanane nao, kana kwamba wao wenyewe wamefurahi sana na hali zao. Alisema hayo mbele ya watu waliokuwa wafungwa kwa kazi ya watu wazima wenzao. Sidhani kwamba palikuwa na haja ya kulifafanua swali.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu hubishana. Mtu aendaye kuitazama michoro ile hutazamia kuona njaa, askari na maiti. Ipo michache ya namna hiyo: vitanda vya mbao, foleni ya chakula, mlinzi. Lakini iliyo mingi ni maua, nyumba yenye bustani, meza ya sikukuu, milima, bahari, vipepeo. Kwa hiyo wengine wamesema Friedl aliwafumba macho watoto, akawafundisha kuota ndoto kati ya makaburi. Nao humtaja msichana Helga Weissová, aliyeletwa Terezín mwezi wa Desemba 1941 akiwa na miaka 12. Huyo alipochora watoto wakitengeneza mtu wa theluji, baba yake alimwambia achore anayoyaona. Akachora foleni, kunguni, magari ya maiti, na wenye njaa wakichokoa takataka. Michoro yake ilifichwa na mjomba wake ndani ya ukuta, Helga akasalia, akawa mchoraji, na kazi yake ni ushahidi usiokanushika.

Mimi naona ya kwamba Baba Weiss na Mwalimu Friedl hawakupingana. Yule alikuwa na mtoto mmoja mwenye mkono wa kipaji, akampa kazi ya shahidi. Huyu alikuwa na watoto mamia, wenye kipaji na wasio nacho, waliotengwa na mama zao, wengine wasioweza kulala usiku. Hakuwaamuru kuchora maua. Aliwapa neno na karatasi, na yaliyotoka yalitoka kwao. Mtoto akichora meza ya nyumbani yenye sahani saba, naye ameona sahani moja tu tangu mwaka jana, hakika hakufumba macho. Amekumbuka. Na mtu akumbukaye kwa usahihi idadi ya sahani za nyumba yake hajawa namba.

Tena Terezín palikuwa na picha ya uongo kweli kweli, wala watoto hawakuichora. Wajerumani walikubali wajumbe wa Msalaba Mwekundu waitembelee kambi tarehe 23 Juni 1944. Kabla ya siku hiyo nyumba za mitaa iliyochaguliwa zilipakwa rangi, mawaridi yakapandwa, maduka yakawekwa vitu madirishani, na katika Mei watu wapatao 7,500 walipelekwa Auschwitz ili kambi isionekane imesongamana. Wajumbe walizungushwa kwa muda wa saa chache, wakaondoka. Mmoja wao aliandika taarifa ya kuisifu hali aliyoiona.

Baada ya miezi mitatu magari ya moshi yalianza tena. Tangu tarehe 28 Septemba hata 28 Oktoba 1944 walitolewa Terezín watu zaidi ya 18,000, na zaidi yao hawakujua mwisho wa safari ile. Pavel Brandeis alipelekwa katika kundi la kwanza. Friedl hakuwamo katika orodha. Alikwenda mwenyewe kuomba aandikwe, ili amfuate mumewe, kama vile alivyokataa hapo zamani kwenda Palestina bila yeye. Rafiki zake walimsihi abaki, hakusikia. Kabla ya kuondoka alikusanya kazi za wanafunzi wake, zipatazo 4,500, akazipanga ndani ya masanduku mawili ya safari, yakafichwa katika nyumba ya watoto. Tarehe 6 Oktoba aliingia garini, na pamoja naye wengi wa wanafunzi wake. Aliuawa Auschwitz-Birkenau tarehe 9 Oktoba 1944, akiwa na miaka 46. Pavel alikuwa seremala, na wenye kazi ya mikono walihitajiwa. Yeye alisalia hai.

Vita ilipokwisha, Willy Groag, aliyekuwa mkuu wa mwisho wa nyumba ya wasichana, aliyapeleka masanduku yale Prague katika Agosti 1945, akayakabidhi kwa jumuiya ya Wayahudi waliobaki. Leo yaliyomo yanahifadhiwa na Makumbusho ya Kiyahudi ya mji huo. Edith Kramer, yule msaidizi wa siku za wakimbizi, alikuwa amekimbilia Marekani mwaka 1938. Huko New York alifundisha kuchora wavulana waliokuwa na matata makubwa ya moyo na mwenendo, kwa njia aliyoiona kwa Friedl, akaandika vitabu juu yake. Na kazi hiyo ya kuwaponya watu kwa kuchora imekuwa taaluma inayosomwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingi. Alifariki mwaka 2014, mwenye miaka 97.

Kwa kuwa watoto waliandika majina, wahifadhi wa makumbusho waliweza kuyalinganisha na orodha za kambi. Wamepatikana wachoraji 660 hivi. Katika hao, 550 waliuawa. Kando ya kila mchoro yameandikwa jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuletwa Terezín, na tarehe ya kupelekwa Auschwitz. Na kwa wachache walio hai mwaka 1945, neno la kuonyesha kwamba walisalia. Mchoro ukigeuzwa, nyuma yake mara nyingi bado yasomeka maandishi ya fomu ya ofisi.